Kabla ya Mashine, Nunua Kisagio



Siku hizi wasichana waliorudi nyumbani Tabora baada ya chuo wananiuliza sana swali hili: "Dada, kule Dar nilizoea kapuchino ya mgahawani. Sasa nipo kwetu Isevya, nimeweka akiba kidogo. Ninunue mashine ipi ya espreso?" Nami nawajibu wote namna moja. Mdogo wangu, hiyo pesa ishike kwanza. Nunua kisagio kizuri cha mkono, tafuta buni iliyokaangwa juzijuzi, ujifunze na tabia za maziwa. Mashine itakuja baadaye, na hata isipokuja, kahawa ya maziwa utakunywa na utaridhika.

Sisemi hivyo kwa ubahili. Nimeona majumbani mashine nzuri zenye taa na vitufe, zimefunikwa kitambaa cha kudarizi juu ya kabati, hazitumiki. Mwenye nyumba alinunua mashine, kisha akaipa unga uliosagwa miezi mingi nyuma, akaonja, akakata tamaa. Buni ikishasagwa, harufu yake huanza kutoroka ndani ya dakika chache, na ikishaondoka hakuna chombo cha kuirudisha.

Tuelewane kwanza espreso ni kitu gani. Ni maji ya moto, nyuzi 90 hadi 96 hivi, yanayosukumwa kwa mgandamizo wa baa 9 kupita kwenye unga laini ulioshindiliwa. Mashine za mwanzo, kama ile ya Mwitalia Luigi Bezzera ya mwaka 1901, zilitumia mvuke tu na hazikufika nguvu hiyo. Aliyefanikisha jambo hilo ni Achille Gaggia wa Milano, na mashine zake za mkono wa kuvuta zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndipo watu walipoanza kuona lile povu la rangi ya asali juu ya kikombe. Povu lile hutokana na hewa ya kaboni inayobaki ndani ya buni baada ya kukaangwa. Buni ikichakaa, hewa hiyo imekwisha toka, na hata mashine ya mamilioni itakupa maji meusi yasiyo na povu.

Ndiyo maana tuanze na buni, na hapo sisi wa magharibi tuna bahati ambayo wengi hatuitumii. Watu hudhani kahawa ni mambo ya Wachaga na watu wa pwani, na kwamba huku kwetu ni asali, tumbaku na karanga. Lakini njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipofika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora yetu, iligawanyika. Moja ilikwenda Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini hadi Karagwe. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh Novemba 1857 akapokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, aliandika pia habari za kahawa ya Karagwe, ambayo wenyeji waliitafuna badala ya kuichemsha. Musa Mzuri, yule tajiri Mhindi wa Kazeh, naye alifanya biashara na huko huko. Mpaka leo ukifika kwa Wahaya wa Bukoba utakaribishwa kwa buni za kutafuna, zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa na ganda lake.

Kahawa hiyo ya Kagera, mkoa wenye Bukoba na Karagwe, ni robusta kwa sehemu kubwa, na msikubali mtu awaambie kwamba robusta ni kahawa ya daraja la chini. Ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ina uchungu mzito, na inatoa povu jingi. Waitalia wengi, hasa wa kusini, huichanganya katika espreso yao kwa makusudi. Ukiongeza maziwa, arabika laini peke yake huzama, lakini robusta husimama na kusikika. Upande wa pili tunayo arabika ya Kigoma, ile ya milima ya Kalinzi, yenye uchachu mtamu. Mchanganyiko ninaoupenda kwa kahawa ya maziwa ni mafungu mawili ya Kigoma na fungu moja la Kagera. Ukitaka kuinywa tupu, punguza robusta. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza, ng'ambo ya ziwa kutoka Bukoba, likaungwa na Tabora mwaka 1928, kwa hiyo pande zote mbili zina njia ya kutufikia. Mwenye ndugu Bukoba au Kigoma asione haya kuagiza kilo moja ya buni mbichi.

Ndiyo, mbichi, kwa sababu unaweza kuikaanga mwenyewe. Fanyia kazi hiyo nje, moshi ni mwingi. Kikaango kizito, moto wa wastani, buni za kufunika chini tu, na mkono usiache kukoroga. Zitageuka njano, kisha kahawia, kisha utasikia zinapasuka, pa, pa, pa. Hapo zimeiva kwa mtu anayependa uchachu. Kwa kahawa ya maziwa endelea dakika moja au mbili zaidi, lakini mafuta yakianza kung'aa juu ya buni na moshi ukawa wa buluu, umechelewa. Mimina kwenye ungo mara moja, peta maganda membamba yaondoke na buni zipoe haraka. Kisha zitie kwenye kopo linalofunga vizuri, mbali na jua, na usiweke kwenye friji. Zipumzishe siku kadhaa, wiki ikiwezekana, ndipo usage, na uzimalize ndani ya mwezi.

Kuhusu kusaga, nawasikia mkisema kinu kipo. Kinu ni kizuri sana kwa kahawa chungu ya kuchemsha kwenye mdila, ile tunayokunywa jioni na kashata barazani. Tatizo lake kwa kazi yetu ya leo ni kwamba kinatoa vumbi na vipande vikubwa kwa pamoja. Vumbi linatoa uchungu, vipande vinatoa ukali wa kuchachuka, nawe unavipata vyote kwenye kikombe kimoja. Blenda nayo ni hivyo hivyo, maana inakata ovyo. Kisagio cha mkono chenye meno ya chuma husaga kila punje karibu sawasawa, hakitumii umeme, na kitadumu miaka. Hiki ndicho kitu pekee katika makala haya ambacho nakuomba usinunue cha bei rahisi kuliko vyote dukani.

Sasa chombo. Kwa nyumba nyingi za Tabora mimi napendekeza birika la moka, lile la vyumba viwili lililotengenezwa na Alfonso Bialetti huko Italia mwaka 1933. Nguvu yake ni baa moja na nusu hivi, kwa hiyo si espreso kamili, lakini linatoa kahawa nzito inayoyaweza maziwa, na linafanya kazi kwenye gesi au mkaa hata umeme ukikatika.

Chumba cha chini tia maji ambayo tayari yamechemka, mwisho chini kidogo ya ile valvu ndogo ya pembeni. Ukitia maji baridi, unga utakaa unaungua juu ya chuma huku ukisubiri. Saga kahawa laini kidogo kuliko chumvi ya mezani, jaza kikapu, sawazisha kwa kidole, usishindilie. Funga kwa kitambaa maana chini ni moto. Weka kwenye moto mdogo, na kama ni mkaa, tawanya makaa na uyafunike majivu kidogo. Acha kifuniko wazi uangalie. Kahawa itatoka polepole, nyeusi, kisha rangi ya asali. Ikianza kukoroma na kurusha matone, ondoa upesi na upitishe tako la birika kwenye maji baridi ili isiendelee kutoka. Yanayotoka mwishoni ni machungu tu. Valvu ile iwe safi siku zote, kwa sababu ikiziba, birika linaweza kupasuka.

Kwa wale ambao mashine wanayo tayari, haya yatawatosha. Pima gramu 18 za unga kwa mzani mdogo wa jikoni, kama kikapu chako kinazichukua, ushindilie sawasawa, na ulenge gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Ikikimbia na ladha ikawa chachu na nyepesi, saga laini zaidi. Ikidondoka kwa shida na kuwa chungu, saga chenga zaidi. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Na ile "baa 15" iliyoandikwa ubavuni mwa mashine isikutie kiwewe, ni uwezo wa juu wa pampu, wala kahawa haihitaji nguvu hiyo. Kama maji yenu ni ya kisima na birika la chai linaota ukoko mweupe, mashine nayo inaota ndani usipoona. Tumia maji laini, ya mvua yaliyochujwa au ya chupa.

Haya, maziwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na hapa ndipo Tabora inapowashinda watu wa mijini wanaokunywa ya boksi. Maziwa ya asubuhi yanayoletwa na baiskeli ni matamu sana, lakini yachemshe kwanza, bila mjadala, hata kama muuzaji ni mjomba wako. Homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupitia kwenye maziwa mabichi. Yakishachemka, yapoze haraka, toa utandu wa juu, yaweke mahali pa baridi. Kwa mvuke wa mashine, maziwa baridi ndiyo yanayochukua povu vizuri, kwa kuwa unapata muda wa kutosha wa kuyatia hewa kabla hayajawa moto mno.

Kama huna mashine, yakiwa yamepoa yapashe upya taratibu hadi nyuzi 60 au 65, usiyachemshe mara ya pili. Kama huna themometa, weka kiganja ubavuni mwa sufuria ndogo. Joto linapokulazimisha kuondoa mkono, yametosha. Yakipita 70 yanaanza kunuka kupikwa na utamu wake unafifia. Kisha yapekeche kwa upekecho safi, au yatie kwenye jagi la kioo lenye kichujio cha kusukuma na upige juu na chini mpaka yaongezeke kama theluthi moja. Gonga jagi mezani mapovu makubwa yapasuke, lizungushe mpaka maziwa yang'ae kama rangi mbichi ya ukutani, umimine hapo hapo. Povu hujengwa na protini na mafuta huleta ulaini. Kwa hiyo maziwa yakikataa kabisa kutoa povu, usiulaumu mkono wako, yaelekea yameanza kuchakaa, hata kama bado hayajachacha.

Vipimo ni rahisi. Kapuchino ni kahawa nzito kiasi cha mililita 40 na maziwa yenye povu hadi kikombe kifike 160 au 180. Late ni kahawa ile ile, maziwa zaidi na povu jembamba. Kwa kahawa ya moka ongeza kidogo, 50 au 60, kwa sababu si nzito kama ya mashine.

Najua mtataka tangawizi, nami naipenda. Lakini usitie tangawizi mbichi kwenye maziwa ya vuguvugu. Ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na joto linaloipa nguvu zaidi ni lile lile la nyuzi 60 na kitu tunalolitaka. Ichemshe kwanza kwenye maji kwa dakika chache, au tumia ya unga iliyokaushwa. Hiliki iponde uitie kwenye maziwa wakati unayapasha, kisha chuja. Usiziweke hizi kwenye kikapu cha birika, zitaziba matundu. Na sukari iacheni kabatini: asali ya nyuki wa miombo, kijiko kidogo, ikorogwe ndani ya kahawa tupu ingali moto kabla ya maziwa, inashikana na uchungu wa robusta kwa namna ambayo sukari haiwezi.

Mwisho, mdogo wangu wa Kitete aliyeuliza kuhusu dada yake mjamzito: wataalamu wengi wanashauri mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, na birika la moka la vikombe vitatu likijazwa robusta tupu linaweza kuvuka kiasi hicho. Mtengenezee ya arabika, kikombe kimoja kidogo chenye maziwa mengi, na mhesabie na chai anayokunywa asubuhi. Asinywe pamoja na chakula wala na vidonge vya kuongeza damu, maana kahawa inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Baada ya mlo asubiri saa moja hivi, ndipo anywe.