Mkubwa ni Jalala

Wahenga walisema: Mkubwa ni jalala. Maana yake, aliye juu hana budi kupokea lawama na malalamiko ya wote. Lakini mara nyingi twaona kinyume: lawama huteremka kwa wadogo, na mnyonge kuliko wote ni maiti, kwa kuwa hana kinywa cha kujitetea. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari iliyotukia Uingereza, kwani mna funzo ndani yake kwa kila mwenye mamlaka, tangu jemadari hata baba wa nyumba.

Tarehe 2 Juni, 1994, helikopta ya Jeshi la Anga la Uingereza, aina ya Chinook, iliruka kutoka Ireland ya Kaskazini kwenda Fort George, Uskoti. Katika ukungu iligonga mlima wa Mull of Kintyre, wakafa watu wote 29: abiria 25, waliokuwa watu wa kazi za upelelezi na usalama, pamoja na wanajeshi 4 walioiendesha. Hamkuwamo chombo cha kunasa sauti wala mwenendo wa safari.

Baraza la maofisa lililochunguza ajali hiyo halikuwahukumu marubani wawili, Jonathan Tapper na Richard Cook, kwa uzembe. Lakini mwaka 1995 wakuu wawili wa jeshi hilo, William Wratten na John Day, walipoipitia taarifa, wakatamka kwamba marubani walikuwa na hatia ya uzembe mkubwa. Nayo kanuni ya jeshi lao lenyewe ilisema kwamba rubani aliyekufa asitiwe hatiani ila pasipo shaka yoyote kabisa.

Je, shaka haikuwapo? Ilikuwapo. Siku moja tu kabla ya ajali, wataalamu wa majaribio huko Boscombe Down walikuwa wamesimamisha kurusha Chinook za namna ile, kwa kutoridhika na mitambo iongozayo injini. Mwaka 1996 hakimu wa Uskoti hakuona ushahidi wa kuwatosha kuwalaumu marubani. Mwaka 2002 kamati ya Baraza la Malord ilisema vivyo hivyo. Hata hivyo hukumu ilisimama mpaka Julai 2011, ilipofutwa baada ya Lord Philip kuichunguza upya, na Waziri wa Ulinzi, Liam Fox, akaziomba radhi familia za marubani mbele ya Bunge. Wazazi walikuwa wamengoja miaka 16. Aliyeomba radhi alikuwa waziri, si wale waliotoa hukumu.

Hatusemi kwamba wakuu wale walikuwa na nia mbaya. Twasema cheo hakigeuzi dhana kuwa ushahidi.

Basi tujifunze. Kwanza, jambo lisilojulikana lisemwe kuwa halijulikani. Pili, mkubwa aliyeruhusu chombo na safari ahojiwe kwanza, kabla ya mdogo aliyetii amri. Tatu, wakubwa wasiwe waamuzi wa mwisho katika shauri liwezalo kuwagusa wenyewe. Mwaka 2025 familia za waliokufa zilikuwa zingali zikidai uchunguzi mbele ya jaji.

Na nyumbani kwetu je? Chombo kivunjikapo, tusimpige mtoto asiyekuwapo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.