Si Uzee Tu: Udhaifu wa Mwili kwa Wazee Wanawake na Wanaume

Mzee anapokonda, akatembea polepole na kuchoka kwa kazi ndogo, jamaa zake mara nyingi husema, "Ni uzee tu." Kauli hiyo huchelewesha msaada. Udhaifu wa uzeeni ni hali ya kitabibu: akiba ya nguvu za mwili hupungua kiasi kwamba homa ndogo, kuanguka mara moja au dawa mpya huweza kumlaza kitandani mtu aliyekuwa akijitegemea.

Ukubwa wa tatizo

Mapitio ya tafiti kutoka nchi 62, yaliyochapishwa mwaka 2021, yaliwahusu watu wa miaka 50 na zaidi. Kwa vipimo vya mwili, asilimia 12 walikuwa na udhaifu: wanawake asilimia 15, wanaume asilimia 11. Wengine asilimia 46 walikuwa katika hatua ya awali. Hali hii huongezeka kadiri umri unavyosonga. Mapitio ya mwaka 2012 yaliikuta kwa takriban robo ya waliotimiza miaka 85. Hata hivyo, robo tatu ya wakongwe hao hawakuwa nayo. Umri peke yake, basi, hautoshi kuwa maelezo.

Wanawake huishi muda mrefu zaidi, na misuli yao ni michache tangu ujanani. Lakini mwanamume mwenye kiwango kilekile cha udhaifu huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki. Hivyo hakuna jinsia ya kupuuzwa.

Dalili tano

Mwaka 2001, Linda Fried na wenzake nchini Marekani walipendekeza dalili tano:

1. Kupungua uzito bila kukusudia, takriban kilo 4.5 au zaidi kwa mwaka.
2. Uchovu wa mara kwa mara.
3. Mshiko dhaifu wa mkono.
4. Mwendo wa polepole.
5. Kupungua kwa shughuli za mwili.

Mwenye dalili tatu au zaidi ana udhaifu. Mwenye moja au mbili yuko katika hatua ya awali. Kituo kisicho na vifaa kinaweza kuanza na kipimo cha mwendo: mzee anayetumia zaidi ya sekunde tano kutembea mita nne kwa mwendo wake wa kawaida anahitaji uchunguzi zaidi.

La kufanya

Mhudumu atafute kwanza chanzo kinachotibika: kifua kikuu, kisukari, upungufu wa damu, sonona, maumivu ya meno. Apitie pia dawa zote anazotumia mzee. Nyumbani, mzee ahimizwe kutembea na kufanya mazoezi ya kuinuka kitini na kuketi, kwa kadiri ya uwezo wake. Mlo uwe na maharage, mayai, dagaa au maziwa. Mwenye ugonjwa wa figo apate kwanza ushauri wa daktari.

Walio katika hatua ya awali wana nafasi kubwa zaidi ya kurejesha nguvu. Kwa hiyo, mzee apelekwe kituoni dalili ya kwanza inapoonekana, asisubiriwe mpaka aanguke.