Mteja mkubwa akiondoka: funzo la Armstrong Whitworth

Wawekezaji wadogo wengi hununua hisa kwa kufuata ukubwa na sifa ya kampuni. Historia ya Armstrong Whitworth ya Uingereza inaonyesha kuwa ukubwa si kinga ya hasara.

Kutoka winchi hadi mizinga

William Armstrong, mwanasheria aliyependa ufundi, alianzisha karakana Elswick, Newcastle, mwaka 1847, akitengeneza winchi zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji. Baadaye kampuni hiyo ndiyo iliyotoa mitambo ya kuinua daraja la Tower Bridge, London, lililofunguliwa mwaka 1894.

Vita vya Crimea vilimvuta kwenye silaha. Mwaka 1855 alitengeneza mzinga mpya wa kupakiwa kwa nyuma. Serikali ilipoacha kuagiza katika miaka ya 1860, kampuni ilitafuta wanunuzi nchi za nje. Baadhi ya manowari za Japani zilizopigana na Urusi mwaka 1904 na 1905 ziliundwa na kampuni hiyo. Mwaka 1897 iliungana na Whitworth ya Manchester.

Soko lakauka

Vita Kuu ya 1914-1918 ilileta oda nyingi na karakana zikapanuliwa. Amani ilipokuja, oda zilikatika; kisha mkataba wa Washington wa mwaka 1922 ukapunguza manowari. Mitambo ikabaki, mteja hayupo.

Kampuni iliingia kwenye injini za treni na ujenzi. Pigo kubwa lilitoka Corner Brook, Newfoundland, ilikojenga kiwanda cha karatasi za magazeti kilichoanza kazi mwaka 1925. Ilikuwa mkandarasi na papo hapo mwenye hisa wa mradi, hivyo gharama zilipovuka makadirio hapakuwa na wa kumdai.

Hasara ilikuwa kubwa kiasi cha Benki Kuu ya Uingereza, iliyokuwa ikiidai, kuingilia kati. Shughuli za silaha na meli ziliunganishwa na za mshindani wake, Vickers. Vickers-Armstrongs ilianza mwaka 1928: Vickers theluthi mbili ya hisa, Armstrong theluthi moja. Theluthi hiyo nayo ilinunuliwa na Vickers mwaka 1935.

Vickers nayo iliumia, lakini ilikiri mapema. Mwaka 1926 ilishusha thamani ya hisa ya pauni 1 hadi shilingi 6 na peni 8. Wenye hisa walilia, ila mizania ilisema kweli.

Funzo

Kabla ya kununua hisa, msomaji ajiulize mambo matatu. Je, mapato yanategemea mteja mmoja? Je, wakurugenzi wanaijua biashara mpya wanayoiingia? Na gharama zikizidi, nani atalipa? Kiwanda cha Corner Brook hakikufa. Kiliendelea kutoa karatasi kwa miongo mingi, mikononi mwa wengine. Mradi ulikuwa mzuri, lakini aliyeujenga hakuumudu.