Kipupwe Kwenye Vinyungu: Ogopa Usiku wa Nyota

Kule Njombe na Makete, Juni hadi Agosti mvua hakuna. Mboga za familia hushuka kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni, maana maji yako huko. Shida ni kwamba hewa baridi ni nzito. Usiku nayo huteremka na kutuama bonde hilohilo.

Mgeni huogopa mawingu. Mkulima huogopa anga safi lenye nyota, upepo ukitulia. Mawingu ni blanketi. Yasipokuwepo, joto la ardhi hupotelea angani, na alfajiri unakuta sakitu, ile barafu nyembamba juu ya majani.

Basi kazi zinapangwa hivi. Mchana mwagilia, kwa kuwa udongo wenye maji hutunza joto kuliko mkavu. Jioni funika miche kwa nyasi. Asubuhi usiguse jani lililoganda; ngoja barafu iyeyuke, ndipo ufunue. Kabichi huvumilia. Viazi mviringo huungua majani, ila usikimbilie kung'oa: huweza kuchipua tena kutoka chini.

Msomi mwenzangu, likizo hii usikae jikoni unaota moto tu. Kabichi hizo ndizo ada yako. Beba ndoo!