Dondoo Muhimu: Kuazima kwa Kiingereza

Mwanafunzi wa Dimani, Kibiti, aingiapo kidato cha kwanza, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, hana budi kutambua kwamba kitenzi chetu kimoja, kuazima, kimfaacho mwenye mtumbwi na mwenye kuuhitaji sawia, Waingereza wamekigawa mafungu mawili:

• Apokeaye hutumia borrow, pamoja na from: “I borrowed a canoe from my uncle.”

• Atoaye hutumia lend, pamoja na to: “My uncle lent a canoe to me.”

• Lend, katika wakati uliopita, huwa lent, wala si lended.

• Uombapo kalamu, sema “Lend me your pen” au “May I borrow your pen?”, lakini kamwe usiseme “Borrow me your pen.”