KILIO CHA WAZEE
Somo: Ezra 3:10-13, Hagai 2:1-9

Siku hizi kwenye Sala ya Jioni viti vingi ni vitupu, nasi wazee twasema, "Zamani kanisa lilijaa." Tutazame somo letu.

Waisraeli waliporudi kutoka Babeli wakaweka msingi wa Hekalu jipya, wengi walishangilia. Bali wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia. Kisha kazi ikasimama kwa miaka mingi. Mwaka 520 K.K. Mungu alimtuma nabii Hagai. Hakuwauliza idadi yao. Aliwaambia kwamba Roho wa Mungu angali kati yao. Basi wajipe moyo, wafanye kazi. Yapata miaka minne baadaye nyumba ikamalizika (Ezra 6:15).

Ahadi ya Mungu haikungoja wawe wengi. Nasi tuangalie, kilio chetu kisije kikazima furaha ya vijana wachache tulio nao.

Maswali:
1. Mungu aliwaahidi nini kabla nyumba haijamalizika?
2. Ni nani aliyeacha kuja kanisani, nasi hatujamtembelea?