Matairi Yakienda Upogo: Uzi na Rula Kabla ya Nyundo

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, mwenye pikipiki anayetoka Sengerema kwenda Mwanza hasubiri tena kivuko pale Busisi. Anashika lami, anavuka kilomita 3 za daraja huku upepo wa ziwa ukimpiga ubavuni, anatokea Kigongo bila kushuka. Raha hiyo imewaumbua wengi. Pikipiki iliyokaa upogo, ambayo kwenye vumbi la kijijini ilijificha nyuma ya mashimo na mwendo mdogo, ikifika kwenye lami inajitangaza yenyewe: usukani unacheza, mkono mmoja unachoka kwa kushindana nao, na tairi lililonunuliwa juzi linalika bega moja.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia uma wa mbele. Unagongwa, unapashwa moto, unanyooshwa kwa bomba. Anza nyuma. Chanzo cha kawaida ni tairi la nyuma lililofungwa vibaya siku ya kuziba pancha au kukaza cheni, na kosa la namna hiyo linaondolewa kwa uzi, rula na spana.

Dalili za kuangalia

Pikipiki inavuta upande mmoja hata mahali tambarare. Ili kwenda mbele, usukani unalazimika kukaa umegeuka kidogo. Cheni inalia, na meno ya sproketi ya nyuma yanang'aa ubavu mmoja kwa sababu cheni inavutwa mshazari.

Dalili iliyo wazi zaidi ni nyayo. Asubuhi baada ya mvua, tafuta kipande cha barabara ya udongo kilicholowa, endesha polepole mita kumi hivi bila kukata kona, kisha shuka urudi nyuma kutazama. Tairi la nyuma linatakiwa kukanyaga palepale lilipopita la mbele na kufuta alama zake. Ukikuta mistari miwili imeambatana, mmoja wa vifundo vya tairi la mbele na mwingine wa la nyuma, huna haja ya kubishana na mtu.

Ondoa kwanza visingizio

Kabla ya kufungua nati yoyote, hakikisha matairi yote mawili yana upepo wa kutosha. Shusha mzigo: gunia la dagaa au tenga la mananasi lililofungwa likaelemea upande mmoja linavuta pikipiki nzima vilevile. Kumbuka pia kwamba lami huinuliwa katikati ili maji yateremke pembeni, kwa hiyo ukikaa kushoto mwa barabara, pikipiki hutaka kuteremkia kushoto. Jaribu kwenye uwanja ulio sawa ndipo uhukumu.

Tazama shokapu za nyuma. Wanaobeba mizigo huzikaza, na mara nyingine moja hubaki ngazi ya juu na mwenzake ya chini. Zirudishe ngazi moja.

Kisha simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati. Shika tairi la nyuma juu na chini, litikise kwenda kushoto na kulia. Likicheza, beringi imechoka au bushi za uma wa nyuma zimekwisha. Lizungushe kwa mkono ukiwa umeweka kidole karibu na rimu: rimu ikiyumbayumba, huo ni ugonjwa wa spoku, haujafika kwenye upogo. Fanya hivyo hivyo kwa tairi la mbele. Rekebisha haya kwanza, maana kupima kitu kinachocheza ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kupima kwa uzi

Huku kwetu kando ya ziwa uzi mzuri hautafutwi mbali: nailoni ya kushonea nyavu ni nyembamba, imara na inakaa imenyooka ukiivuta. Chukua mita 6. Ongeza rula ya milimita na mawe mawili mazito au viti viwili.

1. Pikipiki iwe kwenye stendi ya katikati, sakafu iwe sawa, usukani umenyooka.
2. Pitisha katikati ya uzi nyuma kabisa ya tairi la nyuma. Uweke juu kadiri inavyowezekana bila kugusa stendi, bomba la moshi wala kikanyagio.
3. Vuta ncha mbili kwenda mbele, moja kila upande, hadi zipite tairi la mbele. Zifunge kwenye mawe.
4. Sogeza jiwe moja moja mpaka kila uzi uguse tairi la nyuma sehemu mbili: ukingo wa nyuma na ukingo wa mbele. Uguse tu, usilisukume. Hapo una mistari miwili iliyonyooka inayofuata uelekeo wa tairi la nyuma.
5. Nenda mbele. Geuza usukani taratibu mpaka tairi la mbele lilingane na nyuzi, kisha pima nafasi kati ya uzi na tairi: kushoto na kulia, kwenye ukingo wa mbele na wa nyuma wa tairi hilo.

Usishangae nyuzi zisipoligusa tairi la mbele. Pikipiki nyingi za bodaboda zina tairi la mbele la 2.75-17 na la nyuma la 3.00-17. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, yaani kama milimita 70 mbele na 76 nyuma. Pikipiki iliyonyooka itaonyesha nafasi ya milimita 3 hivi kila upande. Kinachotafutwa ni usawa wa kushoto na kulia.

Nafasi zikiwa tofauti, rudi nyuma na rula. Pima kutoka katikati ya bolti inayoshikilia uma wa nyuma kwenye fremu hadi katikati ya ekseli, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Vipimo vikitofautiana, tairi limegeuka. Vikilingana, tairi limesogea pembeni, au kuna chuma kilichopinda.

Usitegemee mistari iliyochongwa kwenye uma karibu na vikaza cheni. Huchongwa bila umakini mkubwa, na uma ukishapinda kidogo haina maana tena. Kosa dogo linakuwa kubwa likifika mbele: vikaza viwili vimeachana kama sentimita 20, na kati ya matairi kuna zaidi ya mita 1.2, kwa hiyo kutofautiana milimita 1 nyuma kunasogeza uelekeo karibu milimita 6 kwenye tairi la mbele.

Tairi la nyuma likiwa limegeuka

Shika kanuni moja: upande wenye nafasi ndogo mbele ndio unaovutwa nyuma. Kama nafasi ya kulia ni ndogo kuliko ya kushoto, ukihesabu kulia na kushoto kama mtu aliyekaa kwenye kiti, kaza kikaza cha kulia. Cheni ikiwa tayari imekaza, fanya kinyume: legeza cha kushoto, tairi lisogee mbele upande huo.

Injini izimwe na ufunguo utolewe. Vidole vingi vya mafundi vimebaki kati ya cheni na sproketi.

Legeza nati ya ekseli. Pikipiki nyingi zenye breki ya dramu zina nati ya pili, kubwa zaidi, upande wa cheni, inayoshika kitako cha sproketi. Ukiisahau, upande huo utagoma kusogea na utadhani uzi unakudanganya. Legeza pia bolti ya mkono unaozuia sahani ya breki isizunguke.

Zungusha kikaza robo mzunguko, sukuma tairi mbele ili ekseli ikae vizuri kwenye vikaza, pima tena kwa uzi. Endelea robo kwa robo. Nafasi zikilingana, pima ulegevu wa cheni katikati, upande wa chini. Zungusha tairi utafute mahali ilipokaza zaidi, kisha isukume juu na chini: kwa pikipiki nyingi za kazi inatakiwa kucheza sentimita 2 hadi 3, ila fuata kitabu cha pikipiki yako kama unacho. Ukihitaji kuikaza, vikaza vyote viwili vizunguke kiasi kilekile.

Wakati wa kufunga nati za ekseli, mwenzako akanyage breki ya nyuma ili sahani ya breki ikae katikati ya dramu. Kaza tena bolti ya mkono wa sahani ya breki, kisha rudisha pini ya usalama. Usitoe uzi bado: kukaza nati kunaweza kuvuta ekseli, kwa hiyo pima mara ya mwisho ukishafunga.

Tairi likiwa limesogea pembeni

Hapa mshukiwa wa kwanza ni bushi za ekseli. Ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazina urefu sawa, na pancha ikizibwa gizani njiani kuelekea Nyehunge, ni rahisi kuzibadilisha au kuacha moja kwenye vumbi. Kabla ya kutoa tairi, piga picha kwa simu pande zote mbili, kisha panga bushi chini kwa mpangilio zilivyotoka.

Kama bushi ziko sawa na tatizo lilianza baada ya kubadilisha rimu, rimu imevutwa na spoku hadi ikatoka katikati ya habu. Mpelekee fundi wa spoku. Anaweza kuirudisha bila kununua kitu.

Mbele

Nyuma kukiwa kumenyooka, ila usukani unakaa upande wakati tairi la mbele limelingana na nyuzi, uma wa mbele umejipinda kwenye vishikio vyake. Hutokea baada ya kuanguka, hata kuanguka kidogo. Kubana tairi kwa magoti na kuzungusha usukani kwa nguvu kunaficha ugonjwa mpaka shimo linalofuata.

Weka kreti chini ya injini. Legeza ekseli ya mbele, bolti za madigadi, na bolti za vishikio vya juu na chini vya uma. Zilegee tu, zisitoke. Nyoosha tairi na usukani, shusha pikipiki, kandamiza uma mara kadhaa ili mirija yake miwili ijipange yenyewe, kisha funga vishikio, ekseli na madigadi mwishoni.

Kujua kama mirija imenyooka, laza kipande cha kioo cha dirisha juu ya mirija yote miwili, mahali palipo wazi. Kioo kikitulia, mirija iko sambamba. Kikitikisika pembe kwa pembe, bado imepishana, na ikiwa kufungua na kufunga upya hakusaidii, mmoja umepinda.

Mahali pa kuacha

Mrija uliopinda ubadilishwe. Ukipashwa moto na kunyooshwa, chuma kinapungua nguvu, na unaobebwa juu yake ni uzito wa abiria. Kagua pia shingo ya fremu chini ya usukani: rangi iliyopasuka kwa mstari au chuma kilichojikunja ni dalili ya fremu iliyopata pigo. Hiyo haitibiwi na uzi, wala kwa kulehemu kipande cha nondo juu ya ufa.

Ukimaliza, jaribu bila abiria mahali pasipo na magari, mikono yote kwenye usukani, kisha rudia kipimo cha nyayo kwenye udongo. Kagua nati tena mwisho wa siku ya kwanza ya kazi. Na kuanzia sasa, kila tairi la nyuma likitolewa, hata kwa pancha ya dakika kumi, toa rula upime pande zote mbili kabla hujamlipa fundi.